Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ukiwa Isiolo uliza ni mawingu gani

Sisi watu wa Pwani tukitaka kujua hali ya hewa huutazama upepo. Kusi ikiingia mwezi wa Aprili tunajua masika yamefika; kaskazi ikishika tunajua tuko kwenye joto la Januari na Februari. Isiolo mambo si hivyo. Wiki moja inaweza kukuletea jua kali, vumbi, ngurumo na asubuhi ya baridi, kisha ikamalizika bila tone la mvua kwenye paa lako. Nimekaa mji ule kwa vipindi tofauti, na nikaona kwamba huko watu wanautazama mlima.

Nawaandikia haya kwa sababu wengi wetu tuna jamaa au biashara huko, na barabara ya mradi wa LAPSSET imekusudiwa kuiunganisha Lamu na Isiolo kupitia Garissa. Anayekwenda kununua mbuzi au kupakia mzigo ni vizuri ajue anga la huko linasema nini.

Tuanze na mlima wenyewe. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199 na uko kusini mwa mji, wakati Isiolo yenyewe iko kwenye mita 1,100 hivi. Upepo unaotoka kwetu baharini ukifika upande wa Meru hulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ikivuka na kuteremka upande wa pili hupata joto, na mawingu yakayeyuka. Ndiyo sababu Meru kuna migomba na majani chai, na Isiolo kuna migunga. Ukiteremka kwa gari kutoka Timau, muda si muda umeacha mashamba ya ngano na kuingia kwenye miti ya miiba.

Sasa tuje kwenye mawingu. Majina yanayotumika duniani yalianzishwa na Mwingereza Luke Howard mwaka wa 1802, naye aliyachukua kutoka Kilatini. Kwa Isiolo yatosha kuyajua manne.

La kwanza ni sirasi: nyuzi nyembamba nyeupe, juu sana, zilizofanyika kwa chembe za barafu. Hilo halikunyeshei.

La pili ni stratasi, lile shuka la kijivu lililotanda chini. Nairobi na Nyeri hukaa nalo mchana kutwa mwezi wa Julai. Isiolo likionekana alfajiri, mara nyingi jua likipanda nalo huondoka.

La tatu ni kumulasi, mafungu ya pamba yenye kitako bapa. Ardhi ikipata moto, hewa hupanda na kuyaumba. Likiwa dogo na limetawanyika, ni wingu la kivuli tu.

La nne ndilo la kuliogopa: kumulonimbasi. Ni kumulasi iliyokua kama mnara, kichwa chake kikapita kilomita 12 na kutandaa kama fuawe la mhunzi. Hilo lina radi, mvua ya kishindo na upepo wa ghafla. Ukiona vumbi linakujia na hewa imepoa ghafla baada ya alasiri, anua nguo na uingie ndani.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulishangaa. Unaweza kuona mvua ikining'inia chini ya wingu kama ushungi, lakini haifiki chini. Matone yanapita kwenye hewa kavu na kukauka njiani. Kwa mfugaji hili ni jambo zito. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika kaskazini mwa Kenya. Kuhamisha mifugo dhaifu kwa kufuata mvua isiyofika chini ni kuiua kwa mguu.

Je, utabiri wa wiki unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa unadanganya? La. Isiolo huwekwa fungu moja na Marsabit, Mandera, Wajir na Garissa. Eneo hilo ni kubwa mno, na wingu moja la radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Mvua inaweza kunyesha Kambi Garba, na Bulla Pesa wakabaki na vumbi. Kwa hiyo “mvua sehemu chache” isikufanye udhani kwamba sehemu hiyo ni ya kwako. Uichukue kama onyo kwamba wiki hiyo anga ina uwezo wa kunyesha, kisha macho yako yakamilishe kazi kila alasiri.

Tena usitazame juu ya kichwa chako tu. Machi 2010 mto Ewaso Nyiro ulifurika na kuzoa kambi za watalii katika hifadhi ya Samburu. Maji ya mto huo hutoka kwenye miinuko ya Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo mafuriko yanaweza kukukuta pale ulipo chini ya anga safi. Laga nazo ni vivyo hivyo: saa hii mchanga mkavu, saa ijayo maji ya kifua.

Basi ndugu yangu dereva, ukiona mnara mweusi umesimama upande wa mlimani na mbele yako kuna laga, usiegeshe gari ndani yake wala usilale humo. Mpigie simu aliye upande wa juu, umwulize kama kwake kumenyesha. Maji yakishafika, subiri yapungue. Mzigo utachelewa, lakini utafika pamoja nawe, inshallah.