Ningu na Mto Nzoia

Mvua kubwa zinapoanza, samaki aitwaye ningu hutoka Ziwa Victoria na kuipanda mito ya Nzoia, Yala na Sondu. Hutaga katika nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Watoto wake hukua kidogo, kisha hurudi ziwani.

Zamani Wajaluo walimtega kwa nyua za miti na vikapu, nao walipata wengi. Mwaka 1905 zikaja nyavu za kunasa, na miaka ya 1950 zile za nailoni. Wavuvi walizitanda midomoni mwa mito, wakawanasa majike wenye mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi huo ulikuwa umeanguka.

Mkulima wa Lugari au Trans Nzoia pengine hajapata kumwona ningu. Lakini mto ni ule ule. Ningu hukwangua chakula juu ya mawe na matope. Udongo wa shamba ukiyafunika mawe, atakula nini? Basi usilime mpaka ukingoni, wala usimwage dawa ya josho mtoni. Ukingo ukiachwa na nyasi si hasara: zikate, umpe ng'ombe wa maziwa.