Ukitundika daruga, kesho unaamkia wapi?

UKISEMA Msasani, shabiki wa Dar es Salaam anawaza bahari. Msasani ninayoisema mimi iko Tukuyu, Rungwe, kwenye baridi, migomba na mvua zisizoisha. Timu ya mji huo, Tukuyu Stars, 'Banyambala', ilibeba ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Leo haimo Ligi Kuu, lakini sifa ile bado inatembea. Kijana akijua kutuliza mpira tu, anaambiwa anaweza.

Sawa, anaweza. Akifika miaka 33 na goti limegoma, je?

Hapo ndipo mpira wetu unapozubaa. Kabla ya mechi kubwa ataitwa mhamasishaji, aongee kwa sauti ya juu dakika 40, wachezaji wapige makofi, watoke na mzuka. Siupingi mzuka. Ila haumfundishi straika kusoma mkataba wala kuendesha kikao. Kocha wa uongozi kazi yake ni nyingine: anakaa na mtu mmoja, anamuuliza anataka kuwa nani baada ya mpira, na wiki ijayo anarudi kumuuliza amefikia wapi. Kama mazoezi tu. Nani aliwahi kupata pumzi kwa kusikiliza hotuba?

Waliovuka salama wapo. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza Fainali za Mataifa ya Afrika 1980 kule Nigeria, alikuwa na uhandisi wake pembeni; akaja kuwa rais wa TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Charles Boniface Mkwasa alikipiga Yanga, akaifundisha Taifa Stars, kisha 2017 akawa Katibu Mkuu wa Yanga. Kutoka filimbi hadi mafaili!

Mimi lakini namkubali zaidi Juma Mgunda. Alikuwemo Coastal Union iliyotwaa ubingwa 1988, akaja kuifundisha timu hiyohiyo. Septemba 2022 Simba wakamwita ghafla kushika timu kwa muda. Watu wakaguna, eti wa Coastal ataiweza Simba? Akawapiga Nyasa Big Bullets nje ndani, akawafuata Primeiro de Agosto kwao Luanda akashinda 3-1, akamalizia 1-0 kwa Mkapa. Mechi nne, ushindi mara nne, Simba ndani ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Simu ile ilimkuta amekwishajiandaa miaka mingi.

Sasa turudi Msasani. Mabingwa wa 1986 ni watu wazima, na wanajua vizuri siku ya kwanza bila mazoezi inavyouma. Hao ndio wa kukaliwa nao chini, tena bure. Na yule dogo wa miaka 24 anayesubiri kusajiliwa, kozi ya leseni D ya ukocha haimzuii kucheza Jumamosi.