Kushuka Mlima kwa Baiskeli Isiyo na Friwili

Wahenga walisema, "Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," na maneno hayo yawafaa sana wapanda baiskeli wa Kisii na Nyamira. Nchi ya Wagusii ni nchi ya vilima. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Katikati umesimama mgongo wa Manga na magenge yake, na mto Kuja, uitwao pia Gucha, pamoja na vijito vyake, umechimba mabonde mengi. Kwa hiyo mtu achukuaye mkungu wa ndizi kwenda sokoni hana budi kupanda, kushuka, na kupanda tena. Kupanda humtoa jasho tu. Kushuka huweza kumtoa roho.

Hatari hiyo huzidi kwa baiskeli isiyo na friwili. Katika baiskeli ya kawaida, friwili ni ile gia ndogo ya gurudumu la nyuma. Mtu akikanyaga, huvuta gurudumu. Akituliza miguu, huliacha lizunguke peke yake, na ile sauti ya tiki-tiki isikikayo mtelemkoni ndiyo sauti yake. Baiskeli isiyo na friwili ni tofauti, kwa maana gia ndogo imekazwa moja kwa moja na gurudumu. Gurudumu likizunguka, mnyororo huzunguka na pedeli huzunguka, apende mpandaji asipende.

Zamani karibu baiskeli zote zilikuwa hivyo. Ile iliyotengenezwa mwaka 1885 na Mwingereza John Kemp Starley, ambayo ndiyo mama wa baiskeli za leo, haikuwa na friwili. Friwili zilienea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi baiskeli zisizo na friwili hutumiwa hasa katika viwanja vya mbio, na baadhi ya watu wa mijini huzipenda kwa kuwa ni nyepesi na vyombo vyake ni vichache.

Huenda mtu wa Keroka au wa Tabaka akauliza, jambo hili lamhusu nini, naye baiskeli yake ina friwili? Jibu ni kwamba friwili isiyotiwa mafuta, ikajaa matope na kutu, huweza kukwama. Hapo pedeli huanza kuzunguka pamoja na gurudumu, na baiskeli iliyonunuliwa na friwili hugeuka kuwa haina. Tena mwenyewe aweza kuona ni faida, akasema moyoni, "Sasa nitazuia gurudumu kwa miguu, breki za nini?" Hapo ndipo ajali inapozaliwa.

Sababu yake ni hii. Friwili hukazwa katika kitovu cha gurudumu kwa kuzungushwa, kama vile kifuniko cha chupa kinavyokazwa. Kila mtu akanyagapo kwenda mbele huzidi kuikaza. Lakini akizisukuma pedeli kinyume ili azuie gurudumu, huilegeza, nayo yaweza kufunguka papo hapo katikati ya mlima. Baiskeli iliyotengenezwa makusudi bila friwili ina ringi ya pili ambayo hukazwa kwa kuzungushwa upande mwingine, ili gia isifunguke. Friwili iliyokwama haina ringi hiyo. Basi mwenye friwili ya namna hiyo asiitegemee hata kidogo, bali aipeleke kwa fundi ioshwe na kutiwa mafuta, au ibadilishwe.

Hata baiskeli iliyotengenezwa sawasawa ina mpaka wake, na mpaka huo ni miguu ya mtu. Chukua mfano wa baiskeli yenye gia kubwa ya meno 48 na gia ndogo ya meno 16. Kila pedeli zizungukapo mara 1, gurudumu huzunguka mara 3, na baiskeli huenda mita 6 na zaidi kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, miguu huzunguka karibu mara 80 kwa dakika, na kazi hiyo yawezekana. Kwa kilomita 45, huzunguka karibu mara 120. Kwa kilomita 60, huzunguka karibu mara 160, na ni watu wachache mno wawezao kuifuata. Mguu ukiteleza, pedeli hupiga muundi kama nyundo, wala si rahisi kuirudisha chini ya unyayo. Mnyororo nao ukiruka, ile nguvu ya kuzuia kwa miguu imekwisha kabisa.

Tena yafaa kujua kazi ya breki. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Mtu na baiskeli na mzigo wake, vyote pamoja vikiwa na uzito wa kilo 100, wakishuka mlima wenye kimo cha mita 100, hutoa joto liwezalo kuchemsha robo lita ya maji. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo, lakini mtu ashukaye polepole huliacha karibu lote katika breki, au katika misuli yake ikiwa azuia kwa miguu. Kadhalika mwendo ukizidi mara mbili, nguvu itakiwayo kuuvunja huwa mara nne. Ndiyo maana mwendo hutawaliwa tangu juu, kabla haujawa mkubwa. Aliyengoja katikati ya mtelemko amekwisha chelewa.

Basi, mambo ya kushika ni haya.

Kwanza, baiskeli isiyo na friwili lazima iwe na breki ya gurudumu la mbele. Uingereza iliweka jambo hilo katika kanuni zake za mwaka 1983. Mtu azuiapo, uzito wake huegemea mbele, na gurudumu la nyuma huwa jepesi. Likizuiwa peke yake huteleza juu ya changarawe. Breki ya mbele ibanwe polepole, isishikwe kwa ghafula. Iliyo bora ni kuwa na breki mbili, moja mbele na moja nyuma.

Pili, kabla ya kushuka, mtu asimame juu ya mlima akague baiskeli yake. Mipira ya breki isiwe imelika. Mnyororo usilegee. Suruali ikunjwe au ifungwe, maana ikishikwa na mnyororo, mnyororo hautasimama kuingoja. Mzigo ufungwe imara, usiyumbe.

Tatu, kwenye kona apunguze mwendo kabla hajafika. Mwenye friwili huweza kuinua pedeli ya upande wa ndani na kuituliza. Asiye na friwili hawezi, na baiskeli ikilala sana, pedeli hiyo hugonga ardhi na kumwangusha.

Nne, aogope mvua. Katika nchi ya Kisii hunyesha karibu kila mwezi, na mara nyingi ni alasiri, wakati watu watokapo sokoni. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake, na baiskeli huhitaji nafasi kubwa zaidi kusimama. Udongo mwekundu nao huwa kama sabuni. Afadhali breki zibanwe kidogo kidogo mapema, ili zifute maji.

Tano, breki zikikatika, asingoje mwendo uzidi. Aelekeze baiskeli upande wa kilima penye majani, wala si upande wa bonde.

Na mlima ukiwa mkali kupita nguvu ya breki na miguu, dawa ni moja: kushuka chini na kuikokota baiskeli, mikono ikiwa juu ya breki. Vijana wengine huona haya kufanya hivyo mbele ya wenzao. Lakini mkungu wa ndizi ukifika sokoni baada ya robo saa zaidi haupunguzi bei yake, na mwenyewe hurudi nyumbani kwa miguu yake miwili, mizima. Kawia ufike.