Aloha: Salamu Inayodai Matendo

Wenyeji wa asili wa visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, wana neno moja la kumlaki mgeni na la kumuaga: aloha. Neno hilo hilo kwao ndilo upendo, ndilo na huruma. Basi anayesalimu amekwisha kutamka upendo, na aliyetamka upendo anadaiwa upendo.

Salamu yao ya kale, honi, ni watu wawili kugusanisha vipaji vya nyuso na pua, wakavuta pumzi pamoja. Sisi tuna mipaka yetu ya sharia baina ya wanaume na wanawake, lakini maana yake haitupiti: huwezi kumgawia mtu pumzi yako huku umempa kisogo. Mgeni huvikwa pia lei, shada la maua au majani. Kulivua mbele ya aliyekuvika ni kumvunjia heshima.

Mwaka 1986 aloha iliandikwa katika sheria za jimbo hilo la Marekani. Sheria inataja sifa tano, ambazo herufi zake za mwanzo zinaunda neno lenyewe: akahai, upole, lokahi, umoja, oluolu, uchangamfu, haahaa, unyenyekevu, na ahonui, subira. Hata gavana na mahakimu wametajwa humo, ili waizingatie aloha katika kazi zao. Mwaka 2009, Bunge la jimbo lilipitisha azimio la kuitambua Septemba 24 ya mwaka huo kuwa Siku ya Uislamu, ingawa Waislamu huko ni wachache na baadhi ya wajumbe walipinga.

Tusidhani ukarimu huo haukuwagharimu. Merikebu za wageni zilizoanza kufika mwaka 1778 ziliwaletea maradhi wasiyoyajua. Mwaka 1893 malkia wao, Liliuokalani, alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara, askari wa Marekani wakiwa wameteremshwa nchi kavu. Leo aloha inauzwa kwa watalii, na wapo wenyeji wanaolalamika kwamba neno limechukuliwa, maana ikaachwa.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Salamu yetu ni dua ya amani, na Suratun-Nisaa, aya ya 86, inatuamuru kuijibu kwa iliyo bora zaidi au walau mfano wake. Lakini mgeni husimama nasi safu moja, tukatoa salamu kulia na kushoto, kisha akaondoka msikitini bila mtu kumuuliza ametoka wapi, wala kama amekula. Na watoto wetu hutusikia tukimtakia jirani amani mlangoni, kisha wakatusikia tukimsengenya sebuleni. Wanajifunza lipi kati ya hayo mawili?

Ijumaa hii, kila baba amkaribishe mgeni mmoja, na kila mama amjulie hali jirani aliyemkosa siku nyingi, watoto wakiona. Tumuombe Allah (SW) azifanye salamu zetu kuwa za kweli. Amin.