Mtunza shamba aliyeomba samadi

Somo: Luka 13:6-9

Katika mfano wa mtini usiozaa, wengi tunamkumbuka mwenye shamba aliyetaka mti ukatwe. Mtunza shamba tunampita haraka. Huyu hakuomba mwaka mmoja zaidi tu. Aliahidi kuupalilia na kuutia samadi. Aliyeomba rehema ndiye aliyejitwisha kazi, tena kazi yenye harufu.

Wenye bustani nyuma ya nyumba huku Mkolani wataielewa. Vilima vya mawe vya Mwanza vimetupa udongo wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni. Maji hupita na rutuba huondoka nayo. Wakati huohuo maganda ya ndizi na viazi tunayatupa mtaroni, mvua iyapeleke ziwani.

Kizimba cha mboji hakihitaji fundi. Simika nguzo nne, upana na kimo mita moja, pigilia mabanzi ukiacha nafasi za hewa, chini pabaki udongo mtupu. Tandika vijiti, kisha majani makavu au pumba za mpunga, halafu mabaki ya jikoni na samadi kidogo, urudie hivyo hadi juu. Vichwa vya sato usitie. Utalisha mbwa wa mtaa mzima. Nyunyiza maji hadi lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Choma mti katikati: baada ya wiki moja ukiuchomoa una joto, kazi inaendelea. Geuza kila wiki mbili au tatu. Kwa hali ya hewa yetu, miezi mitatu hivi inatosha.

Miezi mitatu ya kugeuza takataka! Hapo wengi huacha, na hapo ndipo ninapopata shida na jinsi tunavyotunzana kanisani. Kijana aliyeacha kwaya, binti aliyepata mimba akatengwa, baba anayenukia gongo: tunasema tunawaombea. Vema, huko ni kuomba mwaka mmoja zaidi. Nani amechimba? Nani amekwenda kwake Jumanne jioni, akaketi, akarudi tena wiki iliyofuata bila kuhubiri?

Yesu hakutuambia kama mtini ule ulizaa. Mtunza shamba mwenyewe alikubali kwamba usipozaa utakatwa. Alijua angeweza kubeba samadi mwaka mzima asione hata tunda moja, na bado aliomba.