Je, Wajua? Diski Moja, Windows na Linux

Je, wajua kwamba ukifuta patisheni, yaani sehemu ya diski, mafaili yaliyomo kwa kawaida hayapotei papo hapo? Kinachofutwa ni mstari mmoja wa jedwali linaloiambia kompyuta sehemu ile inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Ndiyo maana programu ya bure ya TestDisk huweza kuirudisha patisheni nzima, mradi hakijaandikwa kitu kingine juu yake. Ukigundua umefuta isiyo yenyewe, simama hapo hapo. Usifomati, na usikubali mtu akupigie Windows upya.

Je, wajua jedwali hilo ni dogo kiasi gani? Kwenye mtindo wa zamani wa MBR, ulioingia na PC DOS 2.0 mwaka 1983, ni baiti 64 tu. Kila patisheni hula baiti 16, kwa hiyo patisheni kuu ni nne, haiongezeki ya tano. Mtindo wa GPT unaotumika sasa kwa kawaida una nafasi 128, tena huweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski.

Je, wajua kwa nini diski ya Windows huanzia herufi C? A na B zilikuwa za disketi.

Je, wajua kwamba Linus Torvalds mwenyewe aliwahi kuiharibu patisheni yake? Alikuwa akitumia mfumo wa Minix huku akiiunda Linux. Siku moja alitaka kuiagiza modemu ipige simu, lakini agizo akalielekeza kwenye diski, na patisheni ya Minix ikaharibika. Badala ya kuirejesha Minix, aliamua kuendelea na Linux peke yake.

Je, wajua kwamba ukiizima Windows, si lazima iwe imezimika kweli? Tangu Windows 8 kuna Fast Startup: ukibonyeza Shut down, kiini cha mfumo hulazwa kwenye diski ili kesho kiamke haraka. Kwa maana hiyo patisheni ya Windows bado iko kazini. Ukiingia Linux na kuandika faili humo, unaweza kuivuruga, na ndiyo sababu Linux mara nyingi hukuruhusu kusoma tu. Watu huilaumu Linux bure. Zima Fast Startup kabla ya kugawa chochote. Cha kushangaza, Restart ndiyo inayoufunga mfumo kikamilifu.

Je, wajua kwa nini ukitoka Linux saa kumi jioni, Windows inaweza kukuambia ni saa saba mchana? Linux huiweka saa ya ubao mama kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa. Nairobi na Dar es Salaam ziko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo pengo ni saa tatu kamili. Lubumbashi na Bujumbura ni mbili. Njia rahisi ni kuandika kwenye Linux agizo hili: timedatectl set-local-rtc 1.

Je, wajua kwamba Windows inaweza kugoma kuipunguza patisheni ambayo nusu yake ni tupu? Ina mafaili isiyoweza kuyahamisha ikiwa inafanya kazi, na likikaa moja katikati, hapo ndipo mwisho wa kupunguza. Zima kwa muda hibernation, faili la kumbukumbu pepe na System Restore, washa upya, kisha jaribu tena.

Je, wajua kwamba laptopu nyingi mpya hutoka dukani diski yake ikiwa tayari imefungwa kwa usimbaji wa Windows? Kuchezea mpangilio wa uwashaji kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48, na bila ufunguo huo mafaili hayafunguki hata kwa fundi hodari. Mara nyingi ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa mashine. Uutafute na uunakili kwenye karatasi kabla hujachomeka fleshi ya Linux.