Nyasi Zinazorudi Kinywani

Swali limetoka Genkuru, mkoani Mara. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, machotara wa Friziani, alipata mashine ya kusaga majani, akaanza kusaga mabua ya mahindi hadi yakawa laini kama pumba. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Hori lilikwisha upesi, hakuna masalia, hakuna ng'ombe wa kuchagua majani na kuacha vijiti. Majuma machache baadaye maziwa yakawa mepesi, malai yakapungua juu ya sufuria, kinyesi kikalegea. Jioni ng'ombe wanalala tu, hawacheui. Mabua ni yaleyale na kipimo ni kilekile, anauliza, sasa kimeharibika nini?

Kilichopotea ni urefu wa nyasi, na ili kuona kwa nini urefu una thamani kubwa namna hiyo, inabidi kuingia tumboni. Habari za ng'ombe kuwa na matumbo manne kila aliyemaliza darasa la saba anazijua, tuziache. Linalotuhusu ni la kwanza, lile kubwa, ambalo wataalamu huliita rumeni na wanunuzi wa utumbo huliita taulo kwa sababu ya vinyweleo vyake.

Watu wa Tarime na Serengeti wana faida hapa. Kwao kichuri, yaani majimaji machungu ya chakula kilichomeng'enywa nusu tumboni mwa ng'ombe au mbuzi, ni kiungo cha nyama, na wengi wamesimama karibu wakati tumbo linapasuliwa. Rumeni ya ng'ombe mkubwa wa maziwa hubeba lita 100 hadi 200. Tumbo likipasuliwa polepole, bila kugeuzwageuzwa, linaonyesha matabaka. Juu kuna gesi. Chini yake manyasi marefu yamefungamana. Ukiyatia mkono yanainuka kama kitu kimoja. Yanafuata majani yaliyolowa na kulainika, kisha uji wa kijani, na chini kabisa maji yenye punje na mchanga.

Tabaka hilo la manyasi yanayoelea ndilo linaloendesha kazi yote.

Chukua mfano wa mahindi ya kutwanga. Mtwangaji hutia mahindi kinuni, akatwanga, kisha humimina kwenye chekeche. Unga hupita, chenga hubaki juu, na chenga hurudishwa kinuni. Ng'ombe hufanya hivyohivyo: meno ya magego ndiyo kinu, rumeni ndiyo chekeche, na kucheua ni kule kurudisha chenga. Uzuri wa mambo ni kwamba chekeche ya ng'ombe imefumwa kwa chenga zenyewe. Tundu la kutokea rumeni ni pana kuliko vipande vinavyopita pale, kwa hiyo tundu halichuji sana. Kinachochuja ni manyasi marefu. Vipande vipya vimejaa hewa na gesi ya bakteria, vinaelea, na vile vifupi hunaswa katikati ya vile virefu. Bakteria wanavila hukohuko viliponaswa. Kadiri vinavyotafunwa na kuliwa, vinapoteza gesi, vinakuwa vizito, vinazama, na hapo ndipo vinapopata njia ya kutoka. Katika ng'ombe, sehemu kubwa ya vinavyotoka vina ukubwa wa milimita chache au chini ya hapo. Mtwangaji akianza na unga tangu mwanzo hana chenga, na ng'ombe asiye na chenga hana chekeche. Chakula kilichosagwa mno humpitia kabla bakteria hawajamaliza kazi yao, ndiyo maana kinyesi cha ng'ombe wa Genkuru kimelegea.

Na kuna jambo la pili katika mfano huohuo: nani humwambia mtwangaji kwamba ni wakati wa kurudisha chenga? Mwaka 1928 watafiti A. F. Schalk na R. S. Amadon wa North Dakota, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya ng'ombe waliofunguliwa tundu ubavuni, tundu ambalo mtu angeweza kupitisha mkono. Walieleza kwamba kinachoamsha kucheua ni mguso: ncha za nyasi ngumu zinapokwaruza ukuta wa tumbo. Tumbo hujibana, ng'ombe huvuta pumzi huku koo limefungwa, na donge la majani hupanda. Ukisimama upande wa kushoto wa shingo ya ng'ombe aliyelala unaliona likipanda chini ya ngozi. Likifika kinywani, kwanza hukamuliwa na maji humezwa, kisha taya huanza kuzunguka, mara 50 hadi 70 kwa donge moja. Linamezwa, kinapita kimya cha sekunde chache, lingine linapanda. Ng'ombe anayekula majani ya kutosha hufanya kazi hiyo saa saba au nane kwa siku, mbali na zile anazokula.

Unga haukwaruzi chochote. Ng'ombe hapati ishara, hacheui, na asipocheua mate yanapungua. Hapo ndipo maziwa yanapoingia katika hadithi.

Ng'ombe mkubwa wa maziwa anaweza kutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na ndani ya mate hayo kuna zaidi ya kilo moja ya baikaboneti, chumvi ileile inayotiwa kwenye maandazi. Bakteria wa rumeni wanapovunja chakula hutoa asidi, na baikaboneti huitengua. Mate yakipungua, asidi hupanda. Bakteria wanaovunja nyuzinyuzi hawavumilii: kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapopanda, kikifika chini ya 6 wanazorota. Wao ndio wanaotengeneza kwa wingi asetiki, asidi ambayo kiwele huigeuza kuwa mafuta ya maziwa. Malai yaliyopungua juu ya sufuria yalianza kupungua pale taya lilipotulia. Asidi ikikaa juu siku nyingi, ukuta wa tumbo unaumia, na baadhi ya ng'ombe huanza kuchechemea kwa kuvimba ndani ya kwato.

Maabara peke yake isingemsaidia mfugaji wetu. Njia ya kupima nyuzinyuzi iliyoasisiwa na Peter Van Soest nchini Marekani miaka ya 1960 huchemsha sampuli katika sabuni maalumu. Bua zima na unga wa bua hutoa jibu moja, takribani asilimia 70 ya uzito mkavu. Mwingereza C. C. Balch alipendekeza mwaka 1971 kwamba chakula kipimwe kwa dakika ambazo ng'ombe hukitafuna. Mwaka 1997 mtafiti David Mertens akaunganisha mambo mawili: zihesabiwe nyuzinyuzi, lakini zile tu zinazobaki juu ya chekeche yenye matundu ya milimita 1.18. Hizo makala haya yanaziita nyuzinyuzi tafunishi. "Nyuzinyuzi ndefu" lingekuwa jina rahisi, ila linapotosha, maana jani changa la matete ni refu na halimtafunishi ng'ombe kama kipande kifupi cha bua kavu.

Utafiti wa tumbo hili haukufanyika ughaibuni pekee. Robert Hungate, Mmarekani aliyeweka misingi ya elimu ya bakteria wa rumeni, alifanya kazi Kenya miaka ya 1950. Mwaka 1960 yeye na G. D. Phillips walichapisha ulinganisho wa zebu na ng'ombe wa asili ya Ulaya waliolishwa nyasi kavu: chakula kinakaa tumboni muda gani, na kinachachuka kwa kasi gani. Mtafiti Reinhold Hofmann naye alipasua matumbo ya wanyamapori wa Afrika Mashariki na kuchapisha kitabu jijini Nairobi mwaka 1973, akionyesha kwamba umbo la tumbo hufuata mlo, kuanzia dikidiki mla majani laini hadi nyati mla nyasi ngumu.

Ushahidi mzuri zaidi uko mlangoni. Mwaka 1971 mtafiti Richard Bell alieleza jinsi wanyama wa Serengeti wanavyopokezana malisho. Pundamilia huingia kwanza kwenye nyasi ndefu zenye mashina, nyumbu hufuata, swala tomi wanamalizia chipukizi. Pundamilia hacheui, chakula chake huchachukia nyuma, kwenye utumbo mpana, na hakuna chekeche ya kumchelewesha, kwa hiyo anaweza kula mashina mengi na kuyatoa upesi. Nyumbu lazima angoje kila kipande kisagike. Kwa hiyo mashina yakizidi, nyumbu hushiba kabla hajapata chakula cha kutosha, na ng'ombe pia: mabua makavu matupu ya kiangazi hujaza tumbo na kupunguza maziwa kwa njia nyingine.

Zebu anayechunga kutwa hana shida ya unga. Walio hatarini ni machotara wa bandani wanaopewa pumba na mashudu ya pamba kwa wingi. Kwao majani yakatwe vipande vya sentimita tatu hadi tano, yatangulie horini kabla ya pumba, na pumba zigawanywe asubuhi na jioni. Saa za mapumziko, angalau nusu ya ng'ombe waliolala wanapaswa kuwa wanacheua. Anayetafuna donge chini ya mara 40 aongezewe majani marefu.

Mashine nayo isiuzwe. Nyingi za aina hiyo zina chujio la chuma lenye matundu madogo linalofunguliwa kwa bolti. Likitolewa, visu hukata bila kusaga. Unga uliokwisha sagwa unaweza kulishwa kidogo kidogo, ukichanganywa na matete yaliyovunwa yakiwa na kimo cha takribani mita moja.